Mbuzi Amefungwa Uani na Jumapili ya Mavuno Imefika

Admin, nifiche kabisa, maanake akina mama wa kanisa letu husoma hii page kuliko Biblia. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, tunakaa pande za Githongo, tunalima kahawa. Nina mume na watoto watatu, na ni mimi mwenyekiti wa akina mama kanisani. Mtu akifiwa, mtoto akianguka mtihani, ng'ombe akikufa, ni mimi hutumwa kumwambia ashukuru Mungu kwa kila jambo. Sasa jambo limeingia kwangu, na nimekasirika mpaka chai hainiingii.

Kifungua mimba wangu, tumuite Mwenda, alisomea ualimu. Tulijinyima jamani. Viatu vyangu vya kanisa nilivishonesha mpaka fundi akaniambia, "Mama, hivi sasa tuvizike." Kijana akamaliza chuo, akangoja kuajiriwa, akangoja, wapi. Mwaka jana akasema amepata kazi kwa shule ya mtu binafsi huko Mikinduri. Wueh! Nilitangaza kanisani, nikatangaza sokoni, hata wale hawakuuliza niliwaambia. Wakaanza kuniita Mama Mwalimu, na mimi nikaitika.

Wiki iliyopita akaja nyumbani akivuta beberu mnene, anang'aa. Akaniambia, "Mama, hii ni malimbuko yangu. Ipeleke mavuno." Nikapiga makofi hapo uani kama mtoto. Nikamuuliza, kwani hiyo shule inalipa vizuri hivi? Akafunga kamba ya mbuzi kwanza, halafu akasema, "Mama, hakuna shule. Ilifungwa hata kabla sijazoea watoto. Nimekuwa nikichuma miraa ya watu na kuifunga kwa majani ya migomba. Siku hizi nimekodisha miti yangu mwenyewe. Mbuzi imetoka huko."

Nilimwambia maneno mengine siwezi kuandika hapa. Nilimuuliza kama tulimsomesha ili apande miti kama tumbili. Hakunijibu vibaya, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Mzee wangu alikuwa ameketi hapo mlangoni anacheka. "Mbuzi ni mbuzi," akasema. "Kwani ulitaka ikuonyeshe cheti?" Huyo naye nitamalizana naye siku yake.

Wale si wa huku wacha niwaeleze. Kwetu, Jumapili ya mavuno hakuna kuweka kitu madhabahuni kimya kimya. Unasimama, unaambia watu ulifanya kazi gani na Mungu akakupa nini kwa hiyo kazi. Mwenyekiti ndiye hufungua. Na kanisa letu halitaki mambo ya miraa hata kidogo, ati ni kilevi cha kutafuna. Kiongozi ambaye nyumba yake inauza miraa huachia kiti, hakuna mjadala. Hiki kiti nimekikalia miaka mingi na sijawahi kukitumia vibaya. Huko Makutano watu wazima husimama kunisalimia.

Sasa beberu anapiga kelele uani tangu siku hiyo, na kila mama anayepita njiani anaita, "Mama Mwalimu, huyo ndiye mbuzi wa mwalimu? Barikiwa!" Nami najibu amina. Amina gani, na ndani nachemka!

Juzi nikafikiria nimepata dawa. Nikampigia Mwenda simu nikamwambia, "Asante kwa mbuzi mwanangu, nitaitoa, lakini nitasema tu ni kazi ya mikono. Si ni ukweli?" Akasema, "Mama, hiyo asante ya mdomo tu nimekusikia ukipea watu maisha yangu yote, mpaka wale wametuudhi. Mimi sijawahi kuiba, silewi, na nimelipia wadogo wangu shule na hiyo miraa. Ukinionea aibu mbele ya Mungu, nifungulie mbuzi yangu nikuje niichukue. Na usinitarajie Krismasi."

Nimelia nimechoka. Nimejaribu kupiga magoti niseme asante Mungu kwa huyu mtoto, na kitu inakuja mdomoni ni, "Mungu, kwani mimi nilikukosea wapi?" Najua ni mtoto mzuri. Najua! Lakini nilitaka mwalimu, jamani. Nilimlilia mwalimu miaka yote hiyo, na hakuna mtu anataka kunipatia hata siku moja ya kukasirika, ati kwa sababu mimi ni kiongozi.

Mavuno ni Jumapili hii. Nikisema ukweli, kiti kimeenda. Nikificha, mtoto ameenda. Msinitumie mistari ya Biblia, hiyo naijua yote, ni mimi huwasomea wengine. Wale mko na watoto waliowavunja moyo, niambieni: mlishukuru vipi na bado mnaumwa?