Nguruwe kwenye Gari la Mzee Dakane

Nichekeni mapema mmalize, kwa sababu hata mimi nikiikumbuka Ijumaa ile, nikiwa peke yangu, masikio hunipata moto.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa Garissa, nami nilikuwa mnunuzi kwenye ghala la ngozi (mbuzi, kondoo, ng'ombe, hata ukinifunga macho ningekutajia kila moja kwa kidole), na nilitaka sana kumwoa Hodan. Wazee wetu walikuwa wameshaniposea, na babake, Mzee Dakane, alikuwa amesema niende kwanza anitazame. Nikaazima koti, nikaenda.

Mzee alikuwa na gari alilolipenda kupita kiasi, la spoti, la zamani, la watu wawili tu, alilolinunua Nairobi kutoka kwa mzungu aliyekuwa akihama. Akanikaribisha nikae ndani, wazee wenzake wawili wakiwa wamesimama kando. Ningesema mashallah nikanyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini nilitaka aone kwamba binti yake anapata mtu anayeijua kazi yake, basi nikapitisha kidole kwenye kiti, nikaona vitundu vitatu vitatu, kama nilivyoonyeshwa kwenye mafunzo, na mdomo ukanitangulia.

"Mzee, hii ni ngozi ya nguruwe."

Mzee alikuwa amekalia kiti hicho miaka sita, akiwa na kikoi hichohicho anachovaa kwenda msikitini. Mzee mmoja akauliza kama nina hakika, nikasema ndiyo kazi yangu (ningesema nini, na Hodan yuko dirishani?). Ikaamuliwa viti vioshwe najisi mara saba, moja kwa udongo, kabla ya sala ya Ijumaa, na aliyemwona nguruwe ndiye aoshe. Punda wakaleta maji ya mto, majirani wakaja kutazama, nami nikavua koti la watu.

Mara ya nne ndipo nilipoona. Kulikuwa na kikunjo kidogo mfano wa ukucha, na shubiri moja mbele kikunjo kilekile, na shubiri nyingine, tena kilekile. Hakuna mnyama wa hivyo. Ilikuwa plastiki, imepigwa chapa kiwandani ifanane na ngozi. Nikafikiria kusema, nikawatazama watu, nikaendelea kusugua. Ya tano, ya sita, na ya saba pembe ya kiti ikabanduka, chini yake kikatokea kitambaa cheupe.

Mzee akakishika. "Hii nguruwe yako imefumwa na uzi?"

Akataka kujua nimeligundua lini. Nikamwambia ukweli, tangu mara ya nne.

"Basi hizo tatu ulikuwa unaosha nini?"

Akasema mambo ya Hodan yatazungumzwa siku viti vyake vitakapokuwa vizima, nami nikavishona mwenyewe kwa ngozi ya mbuzi, miezi minane, nikijidunga vidole na kuogopa kila wiki kusikia ameposwa na mwingine.

Nilimpata, alhamdulillahi. Lakini niliapa sitataja tena ngozi ambayo sijaulizwa, na hata nikiulizwa naogopa. Juzi tumeenda kununua sofa, muuzaji anaisifia, Hodan akanigeukia mbele ya watu, uso mkavu kabisa, "Baba Ifrah, hii ni ngozi ya nini?"

Nikaweka mikono nyuma, nikamwambia ni kiti.