Kufuli Mfukoni

Kwenye chumba cha kufulia cha hoteli walimwita Bi Pasi, maana tangu ahamie nchi hii hajashika kazi nyingine zaidi ya kunyoosha mashuka. Kusimama kutwa, mvuke usoni, miguu imevimba hadi viatu vimegoma. Mimba ilikuwa ya miezi saba, na wewe ungesema minne.

Alikuwa anajinyima chakula makusudi, na usimcheke. Dada yake alipasuliwa kwa sababu ya mtoto mkubwa. Aliingia akitania manesi, hakutoka. Tangu hapo mama yao, kila akipiga simu kutoka kwao, wimbo ni ule ule.

"Mwanangu, usile ukashiba. Mtoto anenepee nje, si ndani. Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu. Nimesikia, mama."

Mwenzake wa kukunja mashuka, mzaliwa wa hapa, naye alikuwa mjamzito, tena wa kutafuna bila aibu. "Shoga, mimi nakula cha wawili, wewe hata cha mmoja hujafikisha! Shika mkate huu."

"Nimeshiba."

Kashiba nini! Tumbo lilinguruma kushinda mashine. Alikuwa na njaa, jamani, njaa ya kumtoa machozi, na bado akageuza uso.

Kliniki, nesi alimtazama juu ya miwani. "Dada, mbona huongezeki? Ukija hivi tena, nakulaza."

Kulazwa! Kwake yeye, aliyelazwa yuko nusu njia ya kisu. Basi safari iliyofuata alichukua makufuli makuukuu ya makabati ya wafanyakazi, akayatia mifukoni mwa sketi ya ndani, akavaa koti juu yake, akapanda mzani. Foleni ilikuwa hadi mlangoni, na nesi alikuwa peke yake. Alisoma namba, akapapasa tumbo kwa haraka.

"Safi! Endelea hivyo hivyo."

Akaendelea hivyo hivyo. Kila kliniki, kufuli moja zaidi. Alichoka kazi, akachoka njaa, na uongo ndio ulimchosha kuliko vyote.

Mwenzake akatangulia kujifungua. Dume la mtoto, mashavu tele, na hakuguswa na kisu. Bi Pasi alipoletewa habari aliketi juu ya kapu la mashuka, akauliza mara mbili kama kweli hawakumpasua.

Wiki mbili baadaye uchungu wake ukaja. Haukumsumbua, mtoto aliteleza tu, wa kike, kilio chembamba. Nesi yule yule, siku hiyo zamu yake wodi ya wazazi, akamlaza kwenye mzani. Akatazama namba. Akamnyanyua, akamlaza tena.

"Haiwezekani. Wewe ulikuwa unaongezeka vizuri!"

"Mvalishe kwanza," Bi Pasi akasema. "Hata soksi."

"Mtoto hupimwa uchi, mama."

"Ni makufuli, nesi. Nilikuwa naweka makufuli mfukoni."

Nesi hakugomba. Alimfunga mtoto haraka, akakimbia naye chumba cha joto.

Jioni simu ikalia.

"Wamekupasua?"

"Hawakunipasua, mama."

"Mungu ashukuriwe! Na mtoto?"

Bi Pasi alikuwa amesimama nje ya kioo, sahani ya wodi mkononi, chakula chote amekimaliza. Ndani, mikono myembamba ilikuwa inapapasa hewa.

"Wamemweka kwenye joto," alisema, akilia waziwazi. "Ndiyo kwanza anaanza kunenepa nje, mama. Kama ulivyotaka."