Kushuka Chovai kwa Miguu Yake

Mjomba alitoa sharti lake mbele ya nyumba nzima, sinia ya wali ikiwa katikati yetu. Bibi atarudi Chovai, kisiwani kwake, siku atakayoweza kushuka chomboni mwenyewe. Akishindwa, atageuka na boti hiyohiyo mpaka Kismayu, na habari ya kisiwani isitajwe tena. Bibi, ambaye ni mama yake, aliendelea kuchambua miiba ya samaki kwa vidole vilivyovimba kwenye viungo kama vipande vya tangawizi. Alijibu "haya" tu, kama mtu aliyeambiwa asogee kidogo.

Mjomba akanitazama mimi. Nasoma sekondari, zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi zangu zilionekana hazina mwenyewe. Nikakabidhiwa Bibi: chakula chake, dawa zake, mazoezi yake.

Lazima nieleze hilo la kushuka. Chovai hakuna gati. Boti inasimama majini, na abiria anashuka hapo akatembea mpaka mchangani. Wazee na maharusi hubebwa mgongoni na vijana wa chombo, na hakuna anayeona aibu. Isipokuwa Bibi. "Mchu mzima habebwi kama gunia la unga," alisema kwa Kibajuni chake. "Mimi nitabebwa siku moja tu, na siku hiyo hamtaniuliza."

Aliletwa mjini baada ya baridi yabisi kumshika magoti na vidole, akawa hawezi tena kuchutama mwambani kutafuta pweza wala kusuka ukili. Mjini alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akitazama bajaji zikipita, akiniuliza watu wote hawa wanakwenda wapi. Mama yangu yuko Mombasa anafanya kazi, kwa hiyo chumbani tulikuwa mimi na Bibi tu. Nilitaka aende, kwa sababu kwenye kiti kile alikuwa anakwisha. Nilitaka pia asiende, kwa sababu yeye ndiye mtu pekee ninayeweza kuzungumza naye bila kuyapanga maneno kwanza. Mambo hayo mawili yalinizunguka kutwa. Darasani mguu wangu ulitikisika chini ya dawati mpaka mwenzangu akaukanyaga.

Zahanati tulimkuta nesi Msomali, mtu wa bara, mpole lakini mwenye maswali mengi. Bibi anakijua Kisomali kuliko mimi. Lakini pale alijifanya hasikii neno, akaniachia mimi nitafsiri, ili akigombezwa maneno yapoe njiani. Nesi alisema ugonjwa huu hauondoki, unatunzwa. Apunguze sukari na vya kukaanga. Manjano na tangawizi akipenda atie, ila visichukue nafasi ya dawa. Atembee kila siku, hasa ndani ya maji, kwa kuwa maji yanampunguzia mwili uzito. Na samaki, je, anakula?

"Mwambie nala samaki asubuhi na jioni," Bibi alisema.

Nilitafsiri. Nesi akafurahi, akamsifu "ayeyo", ndiyo bibi kwa Kisomali, mbele ya wagonjwa wengine, na Bibi akajifanya hakusikia hizo sifa.

Mama naye akatuma vidonge vya mafuta ya samaki kutoka Mombasa. Bibi alikishika kimoja, akakielekeza kwenye mwanga, akauliza hili ganda limetoka kwa mnyama gani. Nilisoma maandishi yote ya chupa. Mnyama hakutajwa. Basi tukawa tunatoboa kidonge kwa sindano na kukikamulia kwenye kijiko, ganda tunatupa. Nesi alikuwa ameshaniambia kwamba mafuta hayo huwasaidia baadhi ya watu kidogo, nisingoje miujiza. Kilichonijia mimi ni harufu. Nilikwenda shule nikinuka kama chini ya jahazi, na kwa kuwa siongei na watu, sikuweza hata kueleza kwa nini.

Kutembea majini ndiko kulikokuwa vita. Bibi alisema hajawahi kuona mwanamke wa makamo yake akioga bahari mchana watu wakimtazama, na hatakuwa wa kwanza. Nikafikiri, nikamletea ndoo. Mwanamke mwenye ndoo baharini haogi, anatafuta chaza. Hilo alilikubali. Basi kila asubuhi tulishuka ufukweni, dira lake, lile gauni pana, limefungwa kiunoni na kanga, ndoo mkononi, tukatembea maji ya kiunoni kwenda na kurudi. Mwanzo alinining'inia begani hadi bega likaniuma. Baadaye akawa ananishika kidole tu. Kila wimbi lilipokuja niliona anaanguka.

Majirani walituona tukirudi na ndoo imefunikwa. Kwa kuwa hatukusema tunachookota, wakaamini ni kitu kizuri. Haikupita muda wanawake wengine nao wakaanza kushuka na ndoo zao, wakitufuata nyuma. Mmoja alimwambia Bibi waziwazi kwamba Wabajuni wana choyo cha bahari. Bibi alicheka mpaka akalazimika kunishika tena bega.

Magoti yalilainika. Miguu, hapana. Kuanzia kwenye kifundo ilivimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Nilikuwa najua kwa nini, na ndilo jambo lililonikosesha raha kabisa.

Bibi hali samaki wa sokoni. Samaki aliyelala kwenye barafu, kwake yeye, ni maiti anayesubiri jamaa zake. Samaki wake wa asubuhi na jioni alikuwa ng'onda na papa mkavu, wanaoletwa kwenye vikapu kutoka kisiwa cha Koyama, chumvi imewaganda mpaka inang'aa. Anawaloweka kidogo, akisema ukimloweka sana unamwaga ladha. Mtu wa kwetu akisema samaki, na huyo yumo. Nesi hakujua. Kwake samaki ni samaki.

Safari ya pili ya zahanati, nesi aliibonyeza miguu ile akakunja uso. Akauliza tena chakula. Bibi akatoa jibu lilelile. Nilifungua mdomo nitafsiri, na badala yake nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema kwa Kisomali kwamba samaki anayekula ni wa chumvi, chumvi nyingi, kila siku. Wagonjwa wote walinigeukia. Masikio yalinichoma.

Bibi akageuka pia. Kisha akamwambia nesi, kwa Kisomali safi kisicho na mkwaruzo, kwamba mjukuu huyu nyumbani hasemi hata akiungua, na leo amepata mdomo.

Nesi alitutazama, mmoja baada ya mwingine. "Ayeyo, kumbe unanisikia?"

"Nasikia nikitaka."

Hakuwa na mkalimani tena wa kujifichia. Nesi alimweleza uso kwa uso kwamba chumvi ile inashika maji miguuni, na pamoja na zile dawa za maumivu anazomeza ni hatari kwa figo na presha. Akampima, akambadilishia dawa. Jioni Bibi aliniagiza nikamtafutie samaki mbichi gatini, kutoka chomboni, kabla barafu haijamgusa. Nilikwenda. Huko nililazimika kupiga kelele kama wanunuzi wengine ili nisikike, nikarudi na changu wawili mkononi.

Miguu ilipopungua, Mjomba alipanga safari. Tuliondoka asubuhi, boti ya injini, watu wachache. Njia nzima nilibadilisha mkao mpaka nahodha akaniuliza kama nimekalia misumari.

Chovai maji yalikuwa yanatoka, bahari inakupwa. Boti ikasimama mbali kuliko nilivyotarajia. Kijana mmoja wa chombo akaruka chini, akageuza mgongo mbele ya Bibi, akapiga magoti ndani ya maji.

"Inuka, mwanangu," Bibi alimwambia. "Utalowa bure."

Alikaa ukingoni, akavusha mguu mmoja kwa mikono miwili, kisha wa pili. Mjomba alikuwa tayari majini. Mimi nilikuwa botini nyuma ya Bibi, nimenyoosha mikono bila kumgusa. Akajiachia. Goti la kushoto lilikunjika, akazama mpaka kifuani, mikono imeng'ang'ania ubao. Mjomba akanyoosha mkono.

"Usiniguse."

Mjomba akaurudisha. Nilijua kuwa akiguswa na mtu, sharti limevunjika, na nilijua pia kwamba sijui kama anaweza. Bibi alibaki pale akipumua, kidevu juu ya mawimbi. Kisha akanyoosha lile goti polepole, akaachia mkono mmoja, akaachia wa pili. Akaanza kutembea kama tulivyokuwa tukitembea, maji yakimbebea uzito wake. Nikaruka majini, nikamfuata nyuma.

Shida ilikuja maji yalipokwisha. Kuanzia magotini uzito wote ulirudi kwake. Alifika mchanga mbichi, akasimama akiyumba, kisha akakaa chini palepale, dira limejaa maji, kama mtu aliyekaribishwa kiti.

Mjomba alimfikia. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba nyumbani bado ni mbali kutoka pale, na Bibi ameshachoka.

"Ulisema kushuka," Bibi alijibu. "Hukusema kupanda. Nitapumzika, nitapanda. Nina siku nzima."

Mjomba alimtazama, akatazama kijiji, akanitazama mimi. Sijawahi kumwambia Mjomba jambo ambalo hakuniuliza. "Ameshuka," nilimwambia. Nilitaka kusema zaidi, kwamba nani atamwangalia chumvi, nani atakwenda naye majini, nani atalala chumbani na mimi. Hayakutoka.

Mjomba akarudi botini kwa hatua ndefu, akamwambia kijana yule ampe mkeka wa Bibi, na begi, na chupa ya maji. Akavibeba vyote mwenyewe kichwani mpaka mchangani. Mimi nilibaki nimesimama majini kati ya boti na Bibi, nahodha akiniita nipande, maji yanatoka.