Fundi aliyemfikisha Mama Kalolaine mazikoni

Saa tatu asubuhi, mjini Neiafu, Tonga, fundi wa kompyuta Lupe Vea ameketi mkekani mbele ya kompyuta isiyo yake. Kando yake yupo Kalolaine Fonua, mkeka wa msiba umefungwa kiunoni kidesturi, macho kwenye kioo.

Kule Auckland, New Zealand, jeneza la Semisi, kaka yake Kalolaine, bado liko wazi. Kwetu Tonga, dada ndiye anayekaa kichwani pa marehemu, na neno lake ndilo la mwisho. Wanamngoja yeye.

Kiungo cha kumfikisha huko kwa video kimeletwa kwa baruapepe. Kila akikibofya, kinafunguka kwenye kivinjari cha zamani, na ukurasa unabaki mweupe.

"Nimeweka kivinjari kipya, nimeiambia kompyuta itumie hicho," analalamika mwanawe, Maka. "Nimezima, nimewasha. Inanidharau tu."

"Kompyuta imekutii," Lupe anamjibu. "Programu ya barua ndiyo bado ina agizo lake. Kuna mtu aliichagulia kivinjari, akaiambia isiulize tena. Tukilifuta, tumemaliza."

"Usifute," Kalolaine anasema.

Mtu huyo ni Semisi. Alikuja likizo na kompyuta hiyo, akaipanga mwenyewe, na tangu hapo mama huyu hajaruhusu mtu afute alichokipanga kaka yake. Heshima ya dada na kaka kwetu si ya mchezo.

Lupe, mama wa watoto wawili, alijifunza ufundi kwa kufufua mashine za shule zilizolowa maji ya kimbunga. Wateja wengi humlipa viazi vikuu. "Tunashiba," anasema, "ila karo hailipiki kwa viazi." Asubuhi hii ufundi wake wote hauna kazi bila ruhusa ya mtu mmoja.

"Ni mkono wa kaka yangu huo," Kalolaine anasema. "Nitaufutaje siku ninayomzika?"

Lupe anamgeukia. "Mama, kati yako na yeye, mkubwa nani?"

"Dada ndiye mkubwa, hata kaka angezeeka vipi."

"Basi mwambie."

Mama anaiinamia kompyuta. "Semisi," anasema kwa sauti ya chini, "ulifanya vizuri. Sasa naondoa."

Lupe anafungua mipangilio ya programu ya barua, anafuta chaguo la zamani, anaweka jipya. Kalolaine anabofya mwenyewe.

Watu wanatokea, wamevaa nyeusi, wameinamisha vichwa. Kichwani pa jeneza pana mkeka mzuri usiokaliwa na mtu. Simu ya kumwonyesha Kalolaine imeegemezwa juu yake. Hapo ndipo alipowekewa nafasi.

"Nimefika," Kalolaine anasema, kisha analia. Maka anatoka nje. Na mwandishi wa habari hizi anatoka pia.

Wiki ijayo Lupe ataanza kuzunguka vijijini, kwenye kumbi za makanisa, kuwafundisha akina mama wenye ndugu ng'ambo kubadilisha mipangilio hiyo wenyewe.

"Nataka wajue mapema," anasema, akikunja nyaya zake. "Leo tumewahi. Mama wa mwezi uliopita, nilimkuta kaburi la nduguye limeshafukiwa."