Matabishi Yaliyomfunga Mkulima wa Kakao

Saa moja na nusu asubuhi, Tamar Kahongya anafuta simu kwa hasira. Kidole chake kinagonga kioo kama anayeua chawa. Picha za mwenye simu wa zamani, nje. Michezo, nje. Mbele ya kibanda chake cha mbao, mtaani Kimemi, Butembo, mteja anamtazama kama aliyenyang'anywa sahani katikati ya mlo.

"Yaya Tamar, iko mutupu hii telefone! Na matabishi yangu?"

"Matabishi yako ni kulala nyumbani kwako," anamjibu dada huyo. "Kama hautaki, acha."

Matabishi ni ile nyongeza ambayo mnunuzi wa Butembo huidai kabla hajageuza mgongo: ndizi moja juu ya kichane, kijiko cha chumvi juu ya kilo. Kwa miaka kumi na mmoja Tamar, mwenye miaka thelathini na minne, ameuza simu za mitumba kutoka Dubai, na nyongeza yake ilikuwa kutofuta chochote. Simu ikija na vitu ndani, mteja anaondoka navyo. Alipendwa kwa hilo.

Sasa hataki hata kulisikia. Leo ni siku ya kumi na saba Onésime Lusenge yuko kizuizini Beni, na kilichompeleka ni matabishi ya Tamar.

Onésime analima kakao Mbau. Mwezi wa pili alinunua kwake simu nzuri iliyochubuka pembeni. Mwenye simu wa kwanza, Mungu ndiye anamjua, alikuwa mtu wa kulenga shabaha za mbali. Aliacha humo programu ya mahesabu: unaiambia umbali, upepo na uzito wa risasi, nayo inakuambia risasi itashuka kiasi gani njiani.

Tamar aliiona. Imeandikwa Kiingereza, ina namba nyingi na alama ya msalaba ndani ya duara. "Nilizania ni ya bainjinia," anasema, akicheka kicheko kisicho na furaha.

Onésime naye hakujali risasi. Aligundua kwamba programu hiyo, bila mtandao wala senti ya megabaiti, inaonyesha mgandamizo wa hewa. Namba ikishuka ghafla, mvua haiko mbali. Basi kila ikishuka, alikimbia kufunika kakao yake kwa turubai. Majirani walimcheka, mpaka siku mvua ilipolowesha kakao yao na yake ikabaki kavu. Tangu hapo walikuwa wakipiga hodi: "Papa Onésime, telefone inasema nini leo?"

Halafu siku moja, akirudi kutoka Butembo, akafika kwenye kizuizi cha barabarani kabla ya Beni. Askari mmoja akafungua simu, akaona msalaba ndani ya duara na umbali ambao mwenye simu wa zamani aliuacha: mita mia nane. Onésime hakufika nyumbani.

Mkewe, Jokébed, alikuja Butembo siku ya tatu. Hakusalimia.

"Mama Tamar, ni weye ulimuwekea bwana yangu ile kitu."

"Sikuiweka, mama. Niliiacha tu."

"Mbele ya basoda ba kizuizi, ile mambo mbili iko na tofauti gani?"

Kilo mia nne za kakao zilikuwa kwenye turubai siku alipokamatwa Onésime. Jokébed, akiwa mbioni kati ya Mbau na Beni, amekuta nusu yake imeota ukungu.

Tamar alikwenda Beni wiki iliyopita. Ofisa aliyempokea alikuwa na simu ile mezani.

"Mukulima wa kakao anapima mita mia nane ya nini?" alimuuliza.

"Chef, bunduki yake muliipata wapi?"

"Hatujaipata."

"Donc mulikamata hesabu! Miye niko na calculatrice ya kufanya hesabu kwa kibanda, nimeiba banki gani?"

Ofisa hakucheka. Tamar, ambaye ana mjomba na binamu wawili waliouawa na waasi wakazikwa Eringeti, akapandisha sauti hadi mlinzi akachungulia.

"Bale benye kutuua banakuja na mapanga, chef! Panga inahitaji calculatrice? Bale hamubaoni, lakini mutu ya kufunika kakao, huyo munamuona!"

Akatolewa nje. Ila mlangoni ofisa alimtupia neno moja: kama kweli programu ilitoka kwake, aandike, atie sahihi, arudi Alhamisi. "Na weye utahojiwa," aliongeza.

Barua iko tayari, kurasa mbili kwa mkono wake. Ameandika tarehe aliyouza simu, na kwamba aliiacha programu humo bila kuisoma. Amepata pia simu nyingine ya aina ile ile, ameipakia programu ile ile, ili ofisa aone kwa macho yake namba ya hewa inavyoshuka mvua ikikaribia.

Kakule, anayeuza vifuniko vya simu kibanda cha pili, anaona huo ni wazimu. Kizuizi cha njia ya Beni ni kile kile.

"Yaya, ukipita pale na ile kitu, beba na blangeti kabisa. Na bakikushika?"

Tamar anakunja barua, anaiingiza kifuani.

"Banishike. Lakini bamuachilie kwanza. Kakao yake ingine inaiva kwa muti. Miye sina muti hata moja."