Mama Alikuwa Akicheka na Nani

Kaka yangu mkubwa alitaka picha moja kubwa ya kuchorwa kwa rangi: mama na watoto wake wanne. Sisi tuko watano. Wa tano ni mimi, niliyeolewa na fundi cherehani Mwislamu, na tangu hapo kaka hataki nitajwe mbele ya wageni wake wa kanisani. Lakini mchoraji wa ukoo ni nani? Mimi huyo huyo! Akanitumia picha zao kwenye simu bila haya: "We chora tu, dada. Usijiweke."

Nilikasirika sana. Nikakubali kwa sababu ya mama, maana alikuwa na hamu ya kuona wanawe pamoja ukutani.

Picha zenyewe balaa tupu. Mmoja kapigwa juani kando ya ziwa, mwingine kwa flashi, wawili ni picha za paspoti, macho yamewatoka. Ukiwanakili hivyo unapata abiria wa basi, si ndugu. Nikachagua mwanga mmoja, ule wa dirisha la sebule ya mama pale Mbugangari, nikawaangazia wote kutoka upande huo. Nikasogeza mabega yagusane, kivuli cha huyu kimwangukie yule. Wakaanza kufanana na watu wa nyumba moja.

Mama ndiye aliyenishinda. Katika picha yake anacheka, uso kaugeuzia kando. Naijua picha ile! Ilikuwa harusi ya mdogo wetu kule Nyundo, na mama alikuwa akicheka na mimi. Kaka alinikata pichani. Sasa kwenye turubai mama anauchekea ukuta.

"Mugeuze macho," kaka akaniambia nilipompigia simu kumlalamikia.

Eti nimgeuze mama macho! Thubutu. Nilijichora palepale alipokuwa akitazama, na mtandio wangu kichwani.

Siku ya kuifunua, ndugu wote walikuwepo. Kaka akaikodolea macho.

"Bon, picha iko muzuri. Lakini huyu mutu atoke. Leta rangi, umufute."

"Sifuti. Ukitaka, futa mwenyewe." Nikampa brashi na kopo la rangi.

Yewe! Kweli akaipokea, akaichovya kwenye rangi. Mama akainuka polepole kitini, akaenda kusimama kati yake na turubai.

"Anza na mi," akamwambia. "Mi ndiye nilimuzala."