Chura wa Gorret

Gorret Biira alifundisha chekechea kule Bugoye miaka sita kabla sijamwajiri kufasiri filamu katika kibanda changu cha video hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Watu walinicheka. Mwanamke, tena mwalimu wa watoto, ataweza vita vya kwenye nyota? Nikawaacha wacheke. Gorret akishika maikrofoni, wachuuzi wa Kikongo waliovuka kuja sokoni walisahau hata kula, maana aliwafasiria kwa Kiswahili chao, si hiki ninachoringia mimi.

Mwaka 2017 tulikuwa tukionyesha tamthilia ya Kiingereza ya watu waliopotea na chombo chao katika sayari isiyo na maji. Nahodha wao alibaki na kitabu kimoja tu, cha picha, cha watoto, kuhusu chura mdogo aliyesikia maji kabla hayajafika. Kila sehemu alisoma ukurasa mmoja, na ukurasa huo ukawaonyesha njia. Gorret alikipenda kitabu hicho kuliko tamthilia yenyewe. Kila ukurasa ulipotokea aliuchora katika daftari, na chini ya kila picha akaandika maneno atakayosema. Kila chura alipoinua kichwa, Gorret alinyamaza kidogo, na watoto wa viti vya mbele wakajibu kwa pamoja: "Mayi, mayi iko inakuja." Kwa Wakongo, mayi ndiyo maji.

Alhamisi moja mimi na yeye tulikuwa tunarudi kwa teksi kutoka Kasese na sehemu ya mwisho ya tamthilia. Nyuma yetu alikaa Mbambu, muuza vitenge wa Butembo kule Kongo, na binti yake Chérie wa miaka minne, ambaye hakukosa onyesho hata moja. Pale Kikorongo tukasimamishwa kwenye kizuizi cha askari. Siku hizo watu walinong'ona kwamba wapiganaji wa Mai-Mai wa ng'ambo, Kongo, wanataka kuvuka, na askari hawakuwa na utani. Tulishushwa wote, mizigo ikawekwa chini.

Afande mmoja mrefu aliyeitwa Olanya, jina limeshonwa kifuani, akafungua daftari la Gorret na kusoma kwa sauti.

"Mayi, mayi iko inakuja." Akageuza ukurasa. Mto, vibanda vitatu, mshale. "Mayi iko karibu. Mukae kimya." Akainua macho. "Hii ramani ya wapi?"

"Si ramani, afande. Ni kitabu cha chura."

"Mama, usinichezee. Mai-Mai nakuja lini?"

"Ni mayi ya kunywa, afande."

"Uganda tunasema maji. Wewe Mukonzo wa hapa, kwa nini unaandika kama watu wa ng'ambo?" Akatugeukia. "Nani anajua huyu mama?"

Mimi nilimjua. Lakini kibanda changu hakikuwa na kibali mwaka ule, na nikaona afande ataanza na Gorret amalize na mimi. Nikatazama viatu vyangu. Nasema wazi: niliogopa, tena kwa sababu ndogo ya aibu.

Askari mwingine akamshika Gorret mkono kumpeleka kwenye lori. Waliopandishwa lori lile wiki iliyotangulia walikuwa hawajarudi.

"Afande, acha nikusomee," Gorret akasema. "Ukurasa mmoja tu. Halafu nipeleke."

Olanya akamshikia daftari wazi. Gorret akasoma kama anavyosoma kibandani. Alipofika pale chura anapoinua kichwa, akanyamaza. Mbambu alikuwa ameziba mdomo wa Chérie kwa kiganja, alijua kitakachotoka. Mtoto akamng'ata mama yake, akachomoka.

"Mayi, mayi iko inakuja," akaimba, akachuchumaa, akarukaruka kichura hadi kwenye buti za Olanya.

Afande akamwinamia.

"Nani alikufundisha hii?"

"Chura," Chérie akasema. "Ule wa mu televizio."

Olanya akafunga daftari. "Pandeni gari. Hii nabaki nayo."

Tukapanda, tukafika Bwera. Gorret hakuniuliza kwa nini nilinyamaza. Angeuliza, ningepata nafuu. Badala yake mimi ndiye niliyefungua mdomo, mlangoni mwa kibanda: "Kesho sema maji. Maji tu, Gorret." Akaitikia kwa kichwa.

Ijumaa, siku ya soko, kibanda kilijaa mchana ule. Nahodha akafungua ukurasa wa mwisho. Chura akainua kichwa. Gorret alinitazama nilipokuwa nimesimama mlangoni, kisha akasema, "Maji, maji yanakuja."

Hakuna mtoto aliyejibu. Chérie akapanda juu ya benchi, akamgeukia.

"Huyu haiko ule chura."

Gorret akaweka maikrofoni mezani, akaninyooshea mkono kama anayenikaribisha nije nifasiri mimi. Sikusogea. Chura akaendelea kuongea Kiingereza peke yake hadi mwisho.